Hewa ya Nyumbani ni Haki ya Mtoto

Litajwapo neno haki, mawazo ya wengi wetu hukimbilia mahakamani. Tunamfikiria mjane aliyenyang'anywa shamba, kibarua aliyenyimwa ujira wake, au mwananchi aliyewekwa mahabusu bila kosa. Mambo hayo yapo, na Tume yetu haitaacha kuyasemea. Lakini ipo dhuluma nyingine isiyofika mahakamani wala magazetini, kwa kuwa hutendeka chumbani, jioni, baada ya chakula; na mtendaji wake aghalabu ni mtu mwema, ampendaye yule anayemdhulumu. Tunazungumzia moshi wa sigara inayovutwa ndani ya nyumba wanamoishi watoto, na hasa watoto wenye ugonjwa wa pumu.

Tunalileta jambo hili mbele ya Jumuiya zetu Ndogo Ndogo na viongozi wa walei kwa sababu moja. Limezoeleka kutazamwa kama suala la adabu: mvutaji muungwana huomba ruhusa, asiye muungwana haombi. Sisi tunaona kwamba ni suala la haki. Adabu hutegemea hiari ya mtoaji, lakini haki ni deni. Mtoto anatudai hewa safi katika nyumba anamolala, na deni hilo ni juu yetu watu wazima kulilipa.

MOSHI HUFANYA NINI KIFUANI MWA MTOTO

Pumu ni ugonjwa wa mirija inayopitisha hewa kwenda mapafuni. Kwa mgonjwa wa pumu, mirija hiyo ina uvimbe ndani yake na ni myepesi kushtuka. Ikiguswa na kitu kinachoiudhi, misuli inayoizunguka hujikaza, kuta zake huvimba zaidi, na ute mzito huiziba. Hapo mtoto hukohoa, hasa usiku na alfajiri. Kifua humbana, na pumzi yake hutoka kwa sauti kama ya filimbi. Shambulio likiwa kali hushindwa hata kumaliza sentensi, na mbavu zake huonekana kuingia ndani kila avutapo pumzi. Asipopata dawa huweza kufa.

Kwa hesabu ya Shirika la Afya Duniani, mwaka 2019 watu wapatao milioni 262 walikuwa na pumu, na ugonjwa huo uliua watu 455,000. Wengi wa waliokufa walikuwa katika nchi za kipato cha chini na cha kati cha chini, ambako ugonjwa hautambuliwi mapema na dawa hazipatikani kwa urahisi.

Vichocheo vya pumu ni vingi: mafua, vumbi, ukungu wa kuta zenye unyevu, manyoya ya wanyama, baridi na kadhalika. Urithi nao una sehemu yake. Kwa hiyo hatusemi kwamba kila mtoto mwenye pumu aliipata kwa sababu ya mvutaji fulani. Kusema hivyo kungekuwa kumsingizia mtu. Tunalosema ni lile lililothibitishwa: mtoto mwenye pumu akiishi katika moshi wa sigara, mashambulio yake huwa ya mara kwa mara zaidi na makali zaidi.

Sababu yake si fumbo. Moshi wa sigara una kemikali zaidi ya 7,000. Sehemu kubwa ya moshi unaojaza chumba hutoka kwenye ncha ya sigara inayowaka yenyewe. Moshi huo haukupita katika kichungi wala katika mapafu ya mvutaji. Mtoto naye huumizwa nao kuliko mtu mzima, kwa maana mirija yake ni myembamba, mapafu yake bado yanakua, na kwa kila dakika huvuta pumzi mara nyingi zaidi kuliko sisi.

Elimu hii si ya jana. Mwaka 1981 mtaalamu wa Japani, Takeshi Hirayama, alitangaza matokeo ya kuwafuatilia kwa miaka mingi wanawake zaidi ya 90,000 ambao hawakuvuta sigara. Ilionekana kwamba wake wa wavutaji wakubwa walikufa kwa saratani ya mapafu zaidi kuliko wake wa wanaume wasiovuta. Mwaka 1993 idara ya serikali ya Marekani inayosimamia hifadhi ya mazingira ilikadiria kwamba katika nchi hiyo pekee, watoto wenye pumu kati ya 200,000 na 1,000,000 huzidiwa na ugonjwa wao kwa sababu ya moshi wa wavutaji wengine. Mwaka 2006 Mganga Mkuu wa nchi hiyohiyo alihitimisha kwamba hakuna kiasi cha moshi huo kilicho salama. Katika madhara yake kwa watoto alitaja vifo vya ghafla vya watoto wachanga, magonjwa ya njia ya hewa, magonjwa ya masikio na pumu iliyo kali zaidi.

Wala tusidhani kwamba haya ni ya Wazungu peke yao. Watafiti waliopiga hesabu ya dunia nzima kwa mwaka 2004 waliona kwamba asilimia 40 ya watoto walikuwa wakiuvuta moshi wa watu wengine, na kwamba watoto wadogo wapatao 165,000 walikufa mwaka huo kwa maradhi ya njia ya hewa yaliyotokana nao. Theluthi mbili ya vifo hivyo vilitokea Afrika na Asia ya Kusini.

MTOTO HANA PA KWENDA

Mtu mzima akisongwa na moshi katika hoteli huhamia meza nyingine. Akiudhika ndani ya basi hulalamika kwa kondakta, au hushuka kituo kinachofuata. Mtoto wa miaka mitatu anayelala katika chumba kimoja na wazazi wake atahamia wapi? Hana nauli, hana ufunguo, na usiku ni giza. Hewa iliyomo chumbani ndiyo hewa yake yote.

Hata akiwa mkubwa wa kujua kwamba moshi ndio unaombana kifua, kinywa chake kimefungwa. Katika malezi yetu mtoto hamwambii baba azime sigara, wala mjukuu hamkatazi babu kiko chake. Heshima hiyo ni tunu, nasi hatutaki ipotee. Lakini heshima inayomfunga mdogo kinywa humwongezea mkubwa wajibu: ni lazima aone mwenyewe lile ambalo mdogo hathubutu kulitamka. Kimya cha mtoto si ridhaa.

Mama mara nyingi yumo katika hali hiyohiyo. Uchunguzi uliofanywa nchini Tanzania mwaka 2018 ulionyesha kwamba watumiaji wa tumbaku walikuwa asilimia 8.7 ya watu wazima, na walio wengi ni wanaume. Maana yake ni kwamba wachache huvuta, lakini wanaoumia ni wengi, na wengi wao ni wake na watoto wa hao wachache. Mama ndiye anayekesha na mtoto anayekohoa, ndiye anayembeba mgongoni kwenda zahanati alfajiri, na ndiye anayeogopa kusema neno nyumba isije ikaingia ugomvi.

Methali yetu husema, mwenye nguvu mpishe. Ni shauri jema kwa mpita njia. Mtoto alalaye kitandani hawezi kumpisha mtu. Hapo ni mwenye nguvu anayepaswa kupisha.

Sheria imekwisha kutambua sehemu ya jambo hili. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 1991, unampa kila mtoto haki ya kufikia kiwango cha juu kabisa cha afya kinachowezekana. Tanzania ilitunga sheria ya kudhibiti bidhaa za tumbaku mwaka 2003, na mwaka 2007 iliuridhia Mkataba wa kimataifa wa Udhibiti wa Tumbaku, ambao kifungu chake cha 8 kinazitaka nchi ziwakinge watu na moshi wa tumbaku mahali pa kazi, katika vyombo vya usafiri na mahali pa umma. Hayo yote ni mema. Hata hivyo, hakuna askari atakayesimama chumbani kwetu saa tatu usiku. Mlangoni mwa nyumba, sheria hukabidhi kazi kwa dhamiri, na dhamiri huhitaji jumuiya ya kuiamsha.

HOJA TUNAZOZISIKIA

Wengine husema, "Nyumba ni yangu na sigara nimenunua kwa fedha yangu." Ni kweli, sigara ni yako. Moshi ukishatoka kinywani mwako si wako tena, kwa maana umeingia katika mapafu ya mwingine bila kumwuliza. Mwenye nyumba ana haki juu ya kuta na bati. Hana haki juu ya kifua cha mtoto wake.

Wengine husema, "Mimi hufungua dirisha," au, "Huvuta akiwa shuleni." Kufungua dirisha hupunguza harufu kuliko kunavyopunguza madhara. Moshi husambaa nyumba nzima, hubaki hewani kwa saa kadhaa baada ya sigara kuzimwa, na hunasa katika mapazia, magodoro na nguo. Njia ya hakika ni moja tu: kutovuta ndani kabisa, hata siku ya mvua, hata mtoto asipokuwapo.

Wengine husema, "Wazee wetu walivuta nasi tukakua." Waliokua ndio tunaoweza kuulizwa leo. Wale waliozikwa wakiwa wachanga, ambao nyumbani ilisemwa tu kwamba "kifua kilimbana," hawapo kutoa ushahidi.

Hoja yenye uzito zaidi ni ile ya jikoni: "Mnasumbuka na sigara moja, na huku mama na mtoto wanashinda katika moshi wa kuni?" Hoja hii hatuipuuzi. Kwa hesabu ya Shirika la Afya Duniani, mwaka 2020 moshi wa kupikia uliua watu wapatao milioni 3.2, wakiwamo watoto zaidi ya 237,000 walio chini ya miaka mitano. Tanzania ilizindua mwaka 2024 mkakati wa miaka kumi wenye lengo la kuwafikisha asilimia 80 ya wananchi kwenye nishati safi ya kupikia ifikapo mwaka 2034, nasi tunaitaka serikali iutimize kwa maskini kama kwa tajiri. Lakini tutofautishe mambo haya mawili. Mama hupika kwa kuni kwa sababu hana fedha ya gesi, na familia ni lazima ile. Mvutaji akitoka nje hatumii hata senti moja. Moshi wa kuni utahitaji miaka na mitaji. Moshi wa sigara waweza kuondoka chumbani usiku wa leo. Tena, kifua kilichokwisha kuchoshwa na jiko ndicho kinachostahili zaidi kupumzishwa na sigara.

Mwisho, wapo watakaotuuliza juu ya ndugu zetu wa Tabora na kwingineko ambao tumbaku huwalipia karo na dawa. Hatuna ugomvi na mkulima, na tunajua kwamba mara nyingi yeye ndiye apataye sehemu ndogo kabisa ya faida. Ombi letu haling'oi mche hata mmoja shambani. Watoto wa wakulima nao wana mapafu.

MAZOEA HUBADILIKA

Kuna wanaokata tamaa wakisema kwamba watu hawatabadilika, na kwamba mvutaji akikatazwa baa atakwenda kuvutia nyumbani, mtoto azidi kuumia. Hofu hiyo ilikuwapo huko Uskoti pia, kabla ya nchi hiyo kupiga marufuku uvutaji katika sehemu za umma zilizofungwa, tarehe 26 Machi 2006. Kabla ya marufuku, idadi ya watoto waliolazwa hospitali kwa pumu ilikuwa ikipanda kwa takriban asilimia 5 kila mwaka. Baada ya marufuku ikaanza kushuka, kwa takriban asilimia 18 kwa mwaka. Watafiti walipopima mate ya watoto wa shule za msingi, walikuta dalili za moshi wa sigara zimepungua kwa asilimia 39 katika mwaka wa kwanza. Wavutaji hawakuuhamishia moshi nyumbani. Walichokizoea hadharani walianza kukitenda na nyumbani. Uingereza iliyofuata njia hiyo mwaka 2007 iliona nayo upungufu wa asilimia 12 katika mwaka wa kwanza wa watoto wanaolazwa kwa pumu.

Funzo lake kwetu ni hili: kinachokubalika hadharani ndicho kinachofuata nyumbani. Maadamu mwanamume anaweza kuwasha sigara katikati ya kikao cha harusi, au chini ya turubai la msiba huku akinamama wameketi na watoto wachanga, hataona sababu ya kutoka nje awapo chumbani kwake. Tukimzoeza kuinuka na kwenda pembeni mbele ya watu, atainuka na mbele ya mtoto wake.

Kanisa lenyewe limetoa mfano. Mwaka 2002 Vatikani ilipiga marufuku uvutaji katika majengo yake ya umma, na mwaka 2017 Baba Mtakatifu Fransisko aliamua kwamba kuanzia mwaka uliofuata sigara zisiuzwe tena humo, ingawa mauzo hayo yalikuwa yakiingiza fedha. Kama Makao Makuu yalikubali kupoteza mapato, parokia na kigango vyaweza kukubali kupoteza mazoea.

TUFANYE NINI

Kwanza, tuanze na mahali palipo mikononi mwetu. Ukumbi wa parokia, ofisi, darasa la katekesi, shule ya chekechea na veranda zake visivutiwe sigara na mtu yeyote, awe mgeni mheshimiwa au fundi wa siku moja. Kadhalika mikutano ya Jumuiya inayofanyika majumbani, harusi na misiba. Mwenyekiti wa Jumuiya atangaze mwanzoni kwa upole: wavutao, pembeni kule kuna nafasi. Neno likitoka kwa kiongozi, mama mwenye mtoto hatalazimika kulisema yeye.

Pili, tusimdhalilishe mvutaji. Sigara hufunga mtu. Wengi walianza wangali vijana na wamejaribu kuacha mara nyingi. Hatumwombi leo aache, ingawa akiacha tutafurahi na tutamsaidia. Tunamwomba atoke nje, mbali na mlango na dirisha. Atakayeaibishwa mbele ya watu atavuta kwa siri ndani, atakayeheshimiwa atatoka.

Tatu, tuwasaidie wazazi kuitambua pumu. Mtoto anayekohoa usiku mara kwa mara, anayetoa sauti ya filimbi kifuani au anayechoka upesi katika michezo apelekwe zahanati. Pumu haiambukizi, na si matokeo ya kurogwa. Dawa zake kuu ni za kuvuta kwa mdomo kwa kikopo ambacho wengi hukiita inhela: ipo ya kufungua kifua upesi wakati wa shambulio, na ipo ya kutuliza uvimbe ambayo hutumiwa kila siku hata mtoto anapoonekana mzima, kama mganga alivyoagiza. Wapo wanaoogopa kwamba inhela humzoesha mtoto au humwua. Si kweli; kinachoua ni shambulio lisilotibiwa. Lakini dawa hiyo hulemewa na kichocheo kinachorudi kila jioni. Fedha ya sigara na fedha ya inhela mara nyingi hutoka katika mfuko mmoja, nayo ya kwanza huongeza haja ya pili.

Nne, viongozi wa walei na akina mama wa WAWATA wawe tayari kwenda nyumba ambako mama ameshindwa kusema. Waende wawili, kwa heshima, wazungumze na baba kama ndugu. Mkono mmoja haulei mwana, na mara nyingi mkono wa pili unaohitajika ni ule unaobisha hodi.

Ndugu waamini, hatuombi jambo kubwa. Ni hatua chache kutoka kitini hadi uani. Aliyezoea kuketi aweza kuziona nyingi, hasa usiku wa mvua. Kwa mtoto aliye kitandani hatua hizo ni tofauti kati ya usiku wa usingizi na usiku wa kuhangaikia pumzi. Maadamu yeye hawezi kuzidai, sisi tunazidai kwa niaba yake.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA JUMUIYA

1. Katika Jumuiya yetu kuna watoto wangapi wenye pumu, na nani huvuta sigara karibu nao?
2. Nani katika familia zetu huogopa kumwambia mvutaji atoke nje, na kwa nini?
3. Katika harusi na misiba yetu, tutatenga wapi nafasi ya wavutaji iliyo mbali na watoto?
4. Tutawasaidiaje wavutaji wanaotaka kuacha, pasipo kuwaaibisha?